Snapshoti yako haijaharibika, folda iko tupu kwa sababu nyingine
Pole ndugu, ila data yako haijapotea. Unasema umepiga snapshoti (picha ya hali ya faili kwa wakati huo) ya ruti, yaani folda kuu ya mfumo, kwenye Btrfs, ule mfumo wa faili wa Linux, ukaifungua, ukakuta folda ya data za databesi iko tupu kabisa. Hiyo folda bila shaka ni sabvolyumu yenyewe (sehemu ya Btrfs inayojitegemea ila inaonekana kama folda), iliyo ndani ya sabvolyumu nyingine, na snapshoti ya Btrfs huwa haishuki kwenye sabvolyumu za ndani, ikifika pale inasimama na kukuachia folda tupu tu. Data halisi bado iko kwenye sabvolyumu ya awali, kwa hiyo tafadhali usiifute! Hakikisha kwa kupiga `btrfs subvolume list /` utaiona.

Shida kubwa inakuja ukitaka kurudi nyuma, maana unawasha mashine kwa snapshoti halafu databesi imebaki kwenye ruti ya zamani, inabidi uihamishe kwa mkono, na ile ruti ya zamani haitakubali kufutika kama ndani bado kuna sabvolyumu.

Mimi ningekushauri uzipange sabvolyumu zote sambamba chini ya ile ya juu kabisa yenye ID 5, yaani @ (ya ruti), @home, @snapshots na moja ya databesi, kisha kila moja uimaunti (uiunganishe) mahali pake kupitia fstab, lile faili la orodha ya vitu vya kuunganishwa mashine ikiwaka, hapo unarudisha ruti bila kugusa kingine.

Na bekapu weka diski nyingine jamani, snapshoti inatumia bloku zilezile za diski hiyohiyo, diski ikifa vyote vimeenda.