Mkojo Kuponyoka Uzeeni: Wazee Wenzangu, Misuli Hii Inafunzika

Kwenye baraza la kahawa tunaambiana kila kitu: magoti, macho, presha, sukari. Hili la mkojo kuponyoka halitajwi. Mimi ninaishi nalo, na hapa Ngamiani, Tanga, nawajua wanaume watu wazima walioacha kwenda harusini Pangani, wengine wameacha hata safu ya mbele msikitini, kwa kuwa hawana hakika watarudi wakavu. Linaniuma, maana sehemu kubwa ya shida hii ni misuli, na misuli ya mzee bado inafunzika.

Kibofu ni mfuko wa msuli, na cha mtu mzima hubeba takribani mililita 300 hadi 500. Shingoni mwake pana msuli wa kwanza wa kufunga, ambao haungoji amri yako. Hufunga wenyewe, uwe macho au umelala. Chini yake imekaa tezi dume, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Chini ya tezi ndipo ulipo msuli wa pili, na huu unakutii: ndio unaoubana pale basi limeshapita Segera na dereva hajasimama watu wachimbe dawa. Huo wa pili husaidiwa na misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandaa toka mfupa wa kinena mpaka kwenye kifandugu.

Umri unavyokwenda, nyuzi za msuli wa pili hupungua, kama zinavyopungua za mapaja na mikono. Kibofu nacho hukakamaa, hubeba kidogo, tena huanza kujikaza chenyewe kabla hakijajaa. Ndiyo ile haja inayokushika ghafla ukiwa mlangoni, ufunguo mkononi. Kwa wengine kibofu huchoka, kisimalize mkojo uliomo. Na juu ya hayo yote tezi dume hukua: ukifika miaka 60, karibu nusu ya wanaume wanayo iliyokua.

Kwa hiyo si kila anayevuja amelegea misuli. Yupo anayevuja kwa sababu njia imeziba, kibofu kimejaa kupita kiasi na mkojo unafurika. Huyo abane mpaka achoke, hatapona, anahitaji daktari. Kabla ya mazoezi kapimwe mkojo na sukari, na ufanyiwe utrasaundi ya tezi na kibofu, ionekane ni mkojo kiasi gani unaobaki baada ya kwenda haja. Mkoa wetu una kichocho, kwa hiyo damu kwenye mkojo usiiite uzee. Na mkojo ukigoma kutoka kabisa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo. Mwenye tezi kubwa awe mwangalifu hata na dawa za mafua za kukausha makamasi, kwani baadhi yake huweza kuufunga mkojo.

Sasa mazoezi. Yalienezwa na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948, kwa ajili ya wanawake waliojifungua, na pengine ndiyo maana wanaume wengi wanadhani hayawahusu. Mimi nilielekezwa na mtaalamu wa mazoezi tiba, na kazi ya kwanza ilikuwa kuujua msuli wenyewe. Bana kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu. Ukisimama mbele ya kioo utaona dhakari inavutika ndani kidogo na korodani zinapanda. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, na pumzi usiizuie. Wengi hukosea hapo: wanakaza tumbo, na tumbo likikazwa linakisukuma kibofu chini.

Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kulegeza ni nusu ya zoezi, usikuharakishe. Nguvu ikiongezeka, fika sekunde 10. Anza umelala chali, kisha umekaa, kisha umesimama, maana mkojo huponyoka zaidi mtu akiwa wima. Usifanye mazoezi haya katikati ya kukojoa. Yatakuzoeza kuacha mkojo ndani. Jipe miezi 3 kabla ya kusema hayafai. Na zoea kubana kabla hujakohoa, kabla hujainua ndoo, kabla hujanyanyuka kutoka sijida.

Matone yanayotoka baada ya kumaliza, ukishafunga kikoi au suruali, ni jambo jingine. Huo ni mkojo uliobaki kwenye bonde la mrija, kwa sababu msuli wa kwenye mzizi wa dhakari haukamui tena vizuri. Weka vidole nyuma ya korodani, bonyeza polepole ukielekea mbele, kisha bana mara chache. Waliofundishwa madrasa istibrai, yaani kuutoa mkojo uliobaki baada ya haja, watakuta ni jambo wanalolijua, na ningependa walimu wetu walielezee kwa uwazi zaidi kwa watu wazima. Mwenye kuvuja mfululizo naye asiache sala: kwa Kishafii hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu baada ya wakati kuingia, kisha husali bila kuchelewa.

Maji usiyaache. Joto la Tanga halina huruma, na mkojo mzito hukisumbua kibofu zaidi. Punguza kahawa na chai ya rangi, hasa kuanzia alasiri, na vinywaji vipungue saa mbili tatu kabla ya kulala. Miguu ikivimba jioni, iinue kwenye mto alasiri, ili maji yale yatoke ungali macho. Choo kigumu nacho kinakisukuma kibofu, kwa hiyo mboga na matunda vina sehemu yake hapa.

Anayesubiri upasuaji wa kuondoa tezi dume kwa saratani aombe kufundishwa mazoezi haya mapema. Baada ya upasuaji huo, kazi karibu yote ya kuzuia mkojo huuangukia msuli wa pili.

Ukiamua kwenda hospitali ya Bombo au kituo cha jirani, tenga siku 3 kwanza uandike kwenye daftari: umekunywa nini, saa ngapi, umekwenda haja mara ngapi, umevuja ukifanya nini, usiku umeamka mara ngapi. Beba na dawa zako zote, za presha zikiwemo, kwani baadhi huongeza mkojo na daktari anaweza kukubadilishia saa ya kuzimeza. Ukiona haya kusema, mpe daftari alisome.