Je, yafaa kulipiza kisasi kwa bomu la nyuklia?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Nauza nguo Eastleigh. Jirani yangu wa duka anasema Waislamu wakipata bomu la nyuklia wana haki ya kuliangusha kwenye mji wa adui, kwa kuwa wametuulia watoto, na kwamba Mtume aliipiga Taif kwa manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe. Nilipouliza watoto wa mji huo wana kosa gani, akaniambia imani yangu dhaifu. Tangu hapo silali. Nikifungua simu ni picha za maiti tu.

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Haijuzu, si kwa kuanza wala kwa kulipiza. Na aliyeiita huruma yako udhaifu wa imani amekudhulumu.

Kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani, hata jirani yako hapingi. Anachotafuta ni mlango wa kulikwepa katazo hilo. Habari ya manjaniki ya Taif sanadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea, ina maneno, lakini tuikubali. Jiwe la manjaniki hulengwa ngome. Likimwangukia mtoto, limekosea njia. Bomu hili halina njia ya kukosea. Lile la Hiroshima, 6 Agosti 1945, lililipuliwa kwa makusudi likiwa kiasi cha mita 600 angani, ili kishindo chake kienee mbali zaidi. Nguvu yake ilikuwa kama tani 15,000 za TNT, na karibu kila kitu ndani ya kilomita moja na nusu kiliteketea. Weka Msikiti wa Jamia katikati, upime: Chuo Kikuu, KICC, stesheni ya reli, Kanisa la Holy Family, vyote vimo. Hadi mwaka ule kwisha walikufa watu wapatao 140,000, wengi wao raia. Mnururisho, yaani miale ya sumu ya bomu, uliwafikia waliokuwa tumboni, baadhi wakazaliwa na vichwa vidogo na akili zilizodumaa, na saratani ya damu ikaongezeka miaka kadhaa baada ya vita. Jiwe gani la manjaniki lilimfuata mtoto hadi tumboni mwa mamake?

Siku 3 baadaye ndege ilikwenda kuipiga Kokura, ikakuta mji umefunikwa na mawingu na moshi, ikageukia Nagasaki. Maelfu wakafa kwa sababu anga ya mji mwingine haikuwa wazi. Huo ndio uadilifu anaotaka tuurithi?

Atakusomea Annahl 126, “lipizeni sawa na mlivyotendewa”. Mwambie amalizie: kusubiri ni bora. Wafasiri wengi wameihusisha na vita vya Uhud, alipokatwakatwa Hamza, ami yake Mtume, na Mtume akachagua kusubiri. Tena kisasi ni juu ya aliyetenda. Hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Na akileta hadithi ya mashambulizi ya usiku, ambamo Mtume aliulizwa juu ya wanawake na watoto wanaopatwa gizani akasema nao ni katika wao, Abu Dawud amepokea kutoka kwa Zuhri, mmoja wa wapokezi wake, kwamba Mtume alikataza kuua wanawake na watoto baada ya hapo.

Nairobi tunaijua hoja hii kwa damu yetu. Tarehe 7 Agosti 1998 waliolipua ubalozi wa Marekani walidai wanailipiza Marekani. Hapa walikufa zaidi ya watu 200, Wamarekani 12 tu. Wengi walipofuka kwa vioo, maana waliposikia mlio wa kwanza walikwenda madirishani kutazama. Na hilo lilikuwa lori moja la baruti.

Kumiliki silaha hizi kwa kumtisha adui ni mjadala wa wanavyuoni na watawala, haukuhusu wewe dukani.

Kinachokuhusu ni usingizi wako. Jitoe kwenye makundi yanayokutumia picha hizo. Kuzitazama usiku kucha hakumwokoi mtoto hata mmoja. Simu iache sebuleni baada ya Isha. Waombee waliodhulumiwa katika sijda, na ukiweza tenga kitu katika mauzo ya Ijumaa uwapelekee yatima walio karibu nawe. Usikate ujirani, kwani huenda naye amejeruhiwa moyo na picha zile zile. Lakini akihama kutoka maneno hadi kutafuta watu au pesa za kudhuru, usimfichie: waambie wazee wa msikiti na vyombo vya usalama siku hiyo hiyo.

Mkikaa tena, mfungulie Suratul Fat'h, aya ya 25, aisome yote. Allah aliizuia mikono ya Waislamu isiipige Makka kwa sababu ya waumini wachache waliokuwa ndani yake, wasiojulikana. Halafu muulize ni mji gani leo anaoweza kuapa kwamba hauna hata mmoja.