Goti, presha na kilomita 21

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 48, nauza vitenge Kariakoo na naishi Ukonga. Binti yangu ananihimiza tukimbie wote nusu marathoni ya Kilimanjaro, mwishoni mwa Februari. Nilijiunga na klabu ya jogging ya mtaani, lakini wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma, hasa nikishuka ngazi. Natumia vidonge vya presha, na hedhi imeanza kuruka miezi. Mume wangu anasema umri huu ni wa kutembea tu. Nitaweza kweli kwa hii miezi mitano iliyobaki? Na nikitembea kwenye kilima, si nitakuwa nimedanganya? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Utaweza. Na shemeji mwambie hivi: miaka 48 haikuzuii kukimbia, inakuzuia kuharakisha mazoezi. Pumzi huongezeka ndani ya wiki chache, ndiyo maana ulijiona mzima ukawafuata vijana. Kano za goti na kifundo zinataka miezi.

Kabla hujakimbia tena, nenda kliniki unakochukulia dawa. Waambie wazi kuwa unajiandaa kwa kilomita 21, wakupime presha na moyo. Uliza dawa yako ni ya aina gani, kwa sababu zipo zinazotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na joto la Dar la Desemba na Januari unalijua. Halafu nakuomba sana: usimeze diklofenaki wala dawa za maumivu za jamii yake ili upate kukimbia. Dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha katika mwili uliopungukiwa maji, huumiza figo. Nawaona watu wakizimeza asubuhi ya mbio na roho inaniuma.

Kuhusu mwendo, wewe ni mtoto wa mchakamchaka, kipimo unacho. Mwendo wako ni ule unaokuwezesha kuitikia wimbo mpaka mwisho bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuitikia, tembea. Anza kwa kukimbia dakika mbili na kutembea moja, jumla nusu saa, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Jumapili iwe ya safari ndefu: ongeza kama kilomita moja kila wiki, na kila wiki ya nne punguza. Ukigusa kilomita 17 au 18 wiki tatu kabla ya mbio, inatosha, baada ya hapo ni kupunguza na kupumzika. Toka saa 11 alfajiri, na usitoke peke yako.

Sasa goti. Maumivu ya kushuka ngazi mara nyingi hutokana na misuli ya paja na nyonga iliyo dhaifu, mzigo ukabaki kwa goti. Panda ngazi ya chini kabisa nyumbani, simama kwa mguu mmoja, mwingine uning'inie pembeni. Shika ukuta. Kunja goti polepole, hesabu moja hadi nne, mpaka kisigino kinachoning'inia kiguse sakafu, kisha inuka. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Mara nane kila mguu, rudia mara tatu, siku ambazo hukimbii. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake yanavumilika. Goti likivimba au kukwama, muone daktari.

Zoezi hili nalitilia mkazo kwa sababu ya njia yenyewe. Kutoka Moshi mnapanda kuelekea Mweka, kisha mnageuka kushuka. Wengi huogopa kupanda, kumbe mteremko ndio unaomaliza mapaja. Dar ni tambarare, lakini Ukonga hamko mbali na vilima vya Pugu. Kuanzia mwezi wa tatu wa mazoezi, safari ndefu moja kila wiki mbili iwe huko, na ushuke kwa hatua fupi za harakaharaka.

Viatu vya mtumba vinafaa, ila vikague. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, kiache. Bonyeza kwa dole gumba ile sponji ya ubavuni, juu ya soli. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo, imekwisha, hata kama juu kinang'aa. Acha nafasi ya kidole mbele, la sivyo kushuka Mweka kutakung'oa kucha.

Hedhi inapoelekea kukoma mifupa nayo hupungua uimara, na kukimbia pamoja na lile zoezi la ngazi husaidia kuitunza. Ukitokwa damu nyingi, pima wingi wa damu.

Kutembea kwenye kilima si udanganyifu, hakuna anayekukataza. Panga kutembea dakika moja kila baada ya muda tangu chini, kabla hujachoka. Kitakachokusimamisha kabisa ni maumivu ya kifua au kizunguzungu, hata ukiwa umebakiza mita mia. Na binti akubali tangu sasa kwamba mpaka kule juu Mweka mtakwenda kwa mwendo wako. Baada ya hapo akitaka atangulie.