Maswali na majibu: Kunasa sauti ya redio kwa kinasa sauti cha mkononi

Fundi, huwa naweka kinasa sauti mbele ya spika ya redio, lakini nikisikiliza baadaye nasikia feni na bodaboda kuliko mtangazaji. Nifanyeje? (Msomaji, Temeke)

Acha kutumia maikrofoni ya kinasa. Tafuta waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili, uchomeke upande mmoja kwenye redio na wa pili kwenye tundu la kinasa la kuingizia sauti. Redio yako ikiwa na tundu lililoandikwa LINE OUT, litumie hilo, kwa kuwa sauti yake kwa kawaida haibadiliki hata ukizungusha kitufe cha sauti. Kama lipo la hedifoni tu, linafaa pia, ila anza na sauti ya chini kabisa na upandishe taratibu.

Nimeunganisha waya kama ulivyosema, lakini sauti inapasuka hata nikipunguza. (Msomaji, Mbagala)

Hili ndilo linalowashinda wengi. Vinasa vingi vya bei nafuu vina tundu la maikrofoni peke yake, nalo limetengenezwa kupokea milivolti chache, ilhali redio hutoa takriban volti 0.3, yaani mara mia moja au zaidi. Dawa yake ni waya wenye rezista ndani (vipande vidogo vinavyopunguza umeme), na fundi yeyote wa redio pale Kariakoo anaweza kukutengenezea: rezista ya kilo-ohm 10 inakaa kwenye njia ya sauti inayotoka kwenye redio, na ya ohm 100 inaunganisha upande wa kinasa na waya wa chini (ground). Mwombe aongeze kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye njia hiyo ya sauti, kabla ya kinasa, ili izuie umeme mdogo ambao baadhi ya vinasa hutoa kulishia maikrofoni.

Kagua pini zenyewe pia. Yenye pete mbili nyeusi ni ya stirio, na yenye pete moja ni ya mono. Ukichomeka ya mono kwenye tundu la stirio, upande mmoja wa sauti unagusana na waya wa chini, jambo ambalo baadhi ya redio hazilipendi.

Baada ya hapo, zima urekebishaji wa sauti wa kinasa unaojiendesha wenyewe. Katika mawimbi mafupi, ambako stesheni hufifia na kurudi, urekebishaji huo hupandisha mikwaruzo kila mtangazaji anapovuta pumzi. Weka kiwango kwa mkono, vilele vya sauti vifike karibu na desibeli −12 kwenye kipimo cha kinasa.

Kuna mvumo unaoendelea chini ya matangazo. (Msomaji, Kigamboni)

Chomoa chaja, ya redio na ya kinasa, urekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, umempata mchawi. Ukibaki mlio mwembamba kwenye mawimbi ya kati au mafupi, zima taa za LED zilizo karibu na usogeze kinasa umbali wa mita moja kutoka kwenye redio, maana saketi za kidijitali za kinasa nazo huchafua mapokezi.

Nitumie WAV au MP3? (Msomaji, Kinondoni)

Inategemea unachonasa: WAV huhifadhi sauti bila kuibana, MP3 huibana ili faili iwe ndogo. Stesheni za mawimbi mafupi hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 5, hivyo sauti zake nyembamba hukatwa mapema, na MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, inayokula takriban megabaiti 29 kwa saa, inatosha kwa taarifa ya habari. Taarabu kwenye FM, ambako sauti hufika kilohezi 15, ningeinasa kwa WAV ya stirio, ingawa saa moja itakula karibu megabaiti 635.

Kinasa changu hukata maneno ya kwanza ya kila sentensi. (Msomaji, Ilala)

Zima kipengele cha kuanza kurekodi kinaposikia sauti.

Faili zangu zimejaa na sijui ipi ni ya lini. (Msomaji, Ubungo)

Mwanzoni mwa kila rekodi, chomoa waya, utamke kwenye maikrofoni ya kinasa tarehe, masafa na jina la stesheni, kisha uurudishe. Kwenye jina la faili andika saa kwa mtindo wa saa 24, kwani "saa tatu" pekee haionyeshi kama ni asubuhi au usiku. Ratiba za stesheni za kimataifa hutolewa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3: matangazo ya saa 12 jioni ya Dar es Salaam ni 18:00 kwetu na 15:00 kwenye ratiba hizo.