Filamu ile haikurekodiwa Kigoma

Wakuu, kuna wanaosema filamu ya The African Queen ya 1951 ilirekodiwa huku kwetu Kigoma, lakini siyo kweli. Waigizaji wake wakuu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, walipigwa picha Uganda na Kongo ya Wabelgiji, vipande vingine studio Uingereza. Hepburn mwenyewe, akiwa bibi kizee, alitoa kitabu kizima mwaka 1987 kuhusu safari ile: tumbo lilivyomtesa yeye, huku Bogart mtu wa wiski akibaki mzima (msijaribu!).

Kinachowachanganya watu ni meli. Ile ya Wajerumani kwenye hadithi inahusishwa na Graf von Götzen, meli yao halisi ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa 1916 na kuibuliwa 1924. Ndiyo Liemba yetu. Babu yangu wa Ujiji aliipanda mpaka Mpulungu, Zambia, ila kamera hakuiona.