Bangili za uzi: maswali yenu wiki hii

Kila Jumamosi nafundisha vijana kufunga bangili za uzi barazani kwetu Temeke. Haya ni maswali yao na ya wazazi wao.

Shikamoo dada. Bangili yangu naianza vizuri, ikifika katikati inajisokota. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Mbagala)

Marahaba. Fundo lako ni zima, ulichokosea ni zamu. Nyuzi mbili za kati zimetulia tu. Za pembeni ndizo zinazofanya kazi. Ukipitisha juu uzi wa kushoto kila mara, mafundo yanazunguka. Mzunguko huo nao ni mtindo, lakini anayetaka bangili bapa lazima apokezane: kushoto, kulia, kushoto.

Zamu ikikupotea, weka pembeni uzi mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Mwekundu ndio upite juu ya nyuzi za kati siku zote, uwe kushoto au umeshahamia kulia. Mweupe upite chini. Hata ukitumwa dukani, ukirudi unatazama tu mwekundu uko wapi.

Halafu vuta pande zote kwa nguvu ileile. Kuna binti alikuwa akivuta kulia kwa hasira na kushoto kwa huruma, bangili ikapinda kama mundu. Tuliifumua yote, akaanza upya, na siku hiyo ndipo mkono wake ulipokaa sawa.

Kila nikikata uzi unaishia njiani. Kipimo ni kipi? (Tabata)

Kwa bangili ya sentimita 16, uzi wa kati uwe sentimita 80, ukunje katikati. Wa pembeni mita 2, nao ukunje. Ukitaka rangi mbili, mita moja kwa kila rangi. Kwa kuwa mikono haifanani, funga kwanza sentimita 2, pima uzi ulioliwa, uzidishe mara nane.

Katani je? (Gongo la Mboto)

Mkononi inakwaruza. Isukie kitundikio cha chungu cha maua.

Mwanangu ana miaka 9, anataka kuchoma ncha kwa kiberiti. Nimruhusu? (Baba, Ukonga)

Hapana baba, mchomee wewe. Nailoni huyeyuka, na tone lake likigusa ngozi linang'ang'ania huku linaunguza. Libonyeze kwa mgongo wa kijiko, si kwa kidole. Pamba haiyeyuki, inawaka. Hiyo itie gundi.

Dada, nauza buku ufukweni, jioni sibaki hata na nauli. Nipandishe? (Kijana, Kigamboni)

Pandisha, mdogo wangu, tena leo. Ikiwa bangili moja inakula dakika 40, saa nane za kuinama zinakupa bangili 12, yaani elfu 12, na hapo hujatoa pesa ya uzi, shanga wala kivuko. Hiyo ni kuuza macho yako bure, na inaniuma.

Mpime mteja mkono palepale, umfungie rangi anazozipenda: shabiki wa Yanga kijani na njano, wa Simba nyekundu na nyeupe. Anayeogelea mpe nailoni, maana pamba hunywa maji na kuchelewa kukauka. Jumamosi njoo na tatu ulizozifunga mwenyewe, tuzipangie bei pamoja.