Mbwa Mkubwa wa Shamba Anataka Mahali Pake

Tuna dume la mbwa wa aina ya Boerboel shambani kwetu Dunga, ana miaka minne na kilo 68, na wanangu watatu wamekua naye. Watu huniuliza kama mbwa mkubwa hivyo anafaa penye watoto. Anafaa sana, ila umpe mahali pake tangu siku ya kwanza.

Asili yake ni mashamba ya Afrika Kusini, walikomfuga Makaburu kulinda maboma na mifugo. Ulinzi umo damuni mwake. Tangu aje, hatujaibiwa mbuzi hata mmoja.

Ndani haingii. Ana banda lake la makuti nyuma ya jiko, na bakuli lake. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo dini imemruhusu, na sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi twajua hukumu ya mate yake: chombo akikilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kopo la udongo liko pale bombani, na binti yangu wa miaka tisa huosha huku akihesabu kwa sauti. Nguo za kucheza naye mbali, za kusalia mbali. Tunampenda, na sala zetu ziko salama.

Kosa langu ni kuchelewa kumfundisha. Alipofika miezi minane alimrukia bibi jirani aliyekuja kuteka maji, kwa furaha tu, akamwangusha chini. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini wiki nzima hakuja kwetu, na mimi usingizi sikuupata. Nilikwenda kumtaka radhi, kisha nikaanza kazi kila baada ya sala ya alfajiri: kaa, ngoja, njoo. Wewe anza angali mdogo, wakati bado unamzuia kwa mkono mmoja. Akishafika kilo 60 atakuburura.

Jua la kaskazi linamtesa, kwa hiyo kivuli na maji visikose, na matembezi yawe alfajiri au magharibi. Chakula mpe mara mbili kwa siku, na akishakula asikimbizwe: tumbo la mbwa mkubwa huweza kujaa hewa likajipinda, akafa kwa saa chache. Akiwa bado anakua asirukishwe ovyo, nyonga zisije zikaharibika. Chanjo ya kichaa muulize daktari wa mifugo, na kupe mkague kila jioni, hasa masikioni.

Yule bibi siku hizi akipiga hodi, mbwa hukaa chini mwenyewe chini ya mwembe, anamwangalia mpaka ndoo ijae.